Gari la Milango Miwili

Watu wengi wakiogopa kitu hukikimbia. Chepkemei akiogopa kitu hukisoma. Alipokuwa na mimba alisoma habari za kifafa cha mimba hadi mkunga akamwomba aache kumtisha. Na mumewe Kiptum alipotangaza mezani, mdomo umejaa ugali, kwamba sasa amepata gari la spoti, Chepkemei aliuliza tu ni la aina gani. Kesho yake alikwenda kazini, kwenye duka la dawa mjini Kitale, akauza dawa za minyoo na za kikohozi kama kawaida, na kila mteja alipotoka alichukua simu akatazama video za injini za gari lile.

Aliyoyaona yalimnyima raha. Lilikuwa gari la Kijapani, la chini chini, lenye turbo ya kuiongezea injini pumzi, na milango miwili tu. Wenye magari ya aina ile walikuwa wamejaa mtandaoni, na walikuwa wakilia kilio kimoja: beringi za chini. Ndani kabisa ya injini, pale mikono ya pistoni inaposhika shafti, kuna vipande vyembamba vya chuma laini. Vikilika, injini huanza kugonga, au kama wasemavyo mafundi wa huku, inanoki. Mwanzoni hugonga kidogo tu, mtu asiyejua akadhani ni kijiwe kimenasa kwenye tairi. Halafu siku moja, gari likiwa mbioni, mkono mmoja unakatika, unatoboa ubavu wa injini, na oili inamwagikia turbo iliyoiva kwa moto. Kulikuwa na video ya gari lililoteketea kando ya barabara kabla mtu hajamaliza kuchemsha yai. Chepkemei aliitazama mara nyingi. Hakuwa akitazama moto, alikuwa akitazama milango.

Maana gari la milango miwili, anayekaa nyuma hana mlango. Anatoka kwa hisani ya aliyekaa mbele. Na wa kukaa nyuma angekuwa Jepkorir, binti yao wa miaka minne.

"Baba Jep," alimwambia mumewe jioni, "hiyo gari tuangalie injini kwanza. Twende na fundi."

"Fundi wa nini? Hiyo gari ni ya Jotham."

"Si hata gari ya Jotham iko na injini?"

Kiptum alicheka. Alikuwa mtu mwema, muuza mbegu na mbolea, mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi, na tangu utotoni alikuwa akiota kuendesha gari linalonguruma. "Mama Jep, sikiza. Jotham ni rika yangu. Akisema iko sawa, iko sawa. Sasa mimi niende na fundi afungue boneti mbele yake, ati anatafuta makosa? Si ni kumwambia yeye ni mwizi, bana?"

Hapo palikuwa na jambo ambalo Chepkemei hangeweza kulisukuma hata kwa tingatinga. Kiptum na Jotham walitahiriwa asubuhi moja huko Kapsokwony, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja. Kiptum aliposhikwa na homa humo ndani, Jotham, naye akiwa bado anachechemea, alimbeba mgongoni akateremka naye mlima hadi zahanati. Watu wa namna hiyo hawapimani. Mmoja akimwachia mwenzake ng'ombe, yule mwingine hamfungui ng'ombe mdomo kutazama meno. Anashika kamba anaenda zake, na malipo wataongea siku nyingine. Ni desturi nzuri, na imesimamisha nyumba nyingi kule mlimani. Tabu yake ni moja tu, kwamba ilitungwa wakati wa ng'ombe.

Jumamosi walikwenda Bungoma na Jepkorir kulichukua gari. Walipokaribia geti la Jotham, Kiptum alimshika mkewe kiwiko.

"Tafadhali," akasema polepole. "Usiniaibishe mbele ya rika yangu."

Hakuwa mtu wa kusema tafadhali. Chepkemei akaitikia kwa kichwa.

Jotham alitoka mbio, mikono wazi. Yeye na Kiptum walikumbatiana wakapigana migongo kwa nguvu hadi Jepkorir akauliza kama wanagombana. Nyuma yao, kando ya ukuta, gari lilikuwa limeoshwa likametameta. Tuseme ukweli, lilikuwa zuri. Rangi ya bluu iliyokolea, mabega mapana, pua imeinama karibu na ardhi. Hata Chepkemei, aliyekuja na chuki yake nzima kutoka Kitale, aliona mkono wake unataka kulipapasa. Akalipapasa, juu ya boneti.

Lilikuwa la moto.

Hofu ilimshika hapo hapo. Katika yote aliyoyasoma, hilo lilirudiwa kuliko mengine: ufike injini ikiwa baridi, uiwashe wewe mwenyewe, usikilize inavyoamka. Mwenye gari akikuwashia kabla hujafika, kuna kitu hataki ukisikie.

"Kalibuni, kalibuni sana!" Alikuwa Phelista, mke wa Jotham, aliyezoea kubadilishana r na l, akitoka jikoni anapangusa mikono kwenye leso. Aliuona mkono wa Chepkemei juu ya boneti akafurahi. "Umesikia vire iko moto? Baba watoto ariamka mapema akaiwasha, akaiacha ingurume tu. Nikasema kweri huyu anapenda rafiki yake. Hataki mgeni apate kitu imerara baridi."

Chepkemei alimtazama usoni, akaona hana hila hata chembe. Kwa Phelista, kumwashia mgeni gari ni sawa na kumtengea maji ya kuoga. Lakini Jotham, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo na aliyesikia kila neno, alianza ghafla kuuliza habari za mvua ya Kitale.

Waliingia ndani wakala. Phelista alikuwa amechinja kuku, amesonga ugali wa wimbi, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mazungumzo mengine kabla mikono haijanawishwa mara ya pili. Kiptum alipewa firigisi kama mgeni wa heshima. Chepkemei alimwona anaitafuna, akajua kwamba mlango mwingine umefungwa. Mwanamume akishakula firigisi ya mwenzake hawezi kuinuka, ajipanguse mdomo, amfungulie boneti.

Lakini mwanamke anaweza. Wazo hilo lilimjia wakati wa chai. Rika hapimi rika, sawa. Ila mke wa rika ni shemeji, na shemeji amepewa ruhusa ya utani tangu zamani. Aliinuka akamfuata Phelista jikoni.

"Mama, hebu niazime mwiko."

"Wa ugari?"

"Huo huo."

Wanaume walikuwa wameshatoka nje. Kiptum amekaa kwenye usukani, injini inanguruma, uso wake unang'aa kama mtoto aliyevishwa viatu vipya. Jotham ameegemea mlango.

"Shemeji," Chepkemei akasema, sauti ya kuchekesha, mwiko mkononi, "nifungulie hapa mbele nione. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuona turbo."

"Mama Jep," Kiptum akaonya.

"Si ni kuona tu? Ama turbo iko uchi?"

Phelista akaangua kicheko. Jotham akacheka pia, kwa kuchelewa kidogo, na kwa kuwa hakuna mwanamume anayekataa utani wa shemeji mbele ya mkewe, aliingiza mkono akavuta kamba ya boneti.

Chepkemei alichomoa kijiti cha kupimia oili akakipangusa kwa tishu. Oili ilikuwa mpya kabisa, na nzito, inavutika kama asali. Hata hilo alikuwa amelisoma. Oili nzito huibana sauti ya beringi zilizolika, kama vile mto hubana kilio. Hubana kwa muda, hadi ipate moto wa kutosha iwe maji maji. Kisha akafanya jambo alilomwona mjomba wake akifanya Kapsokwony, mjomba aliyekuwa na kinu cha posho: akaweka ncha ya mwiko kwenye injini, na mpini akauweka sikioni.

"Ati sasa unasonga injini?" Phelista alikuwa hoi kwa kicheko. "Ongeza unga, mama!"

Juu, injini ilikuwa ikicharaza sawasawa kama cherehani. Akateremsha ncha ya mwiko hadi ubavuni, chini kabisa alikoweza kufika.

Ko. Ko. Ko. Ko.

Ilikuwa sauti ndogo. Ilikuwa kama mtu anayebisha mlango kwa kifundo cha kidole, kwa adabu, akijua wenye nyumba wamelala. Chepkemei alibaki ameinama. Alitamani iwe ni mwiko, au ni moyo wake mwenyewe unaodunda sikioni. Aliuondoa mwiko, akaurudisha. Mbishaji hakuwa ameondoka.

Alipoinua uso alikutana na macho ya Jotham. Tabasamu lilikuwa pale pale usoni mwake, lakini macho hayakuwa yakicheka. Yalikuwa yakiutazama mwiko.

"Umesikia nini huko, shemeji?" akauliza.

"Daktari!" Kiptum akaita kutoka kwenye usukani. "Mgonjwa ataishi?"

Wote wakacheka. Walikuwa wakimngoja. Kiptum alicheka kwa mdomo tu, na macho yake yalimsihi kwa neno lile lile alilosema getini. Chepkemei aliwaza, nikisema sasa, mbele ya kuku wa watu, hawa wawili hawatakuwa tena kitu kimoja, na atakayelaumiwa ni mimi hadi kaburini. Aliwaza pia, pengine nimekosea. Mimi ni muuza dawa, injini nimeijulia kwenye simu.

"Ataishi," akasema. "Iko sawa."

Jotham akashusha mabega. Akaifunga boneti kwa haraka.

Kisha Jotham akaomba. Si ajabu, hakuna safari inayoanza kwenye nyumba ile bila maombi. Lakini sala ya safari huwa fupi, na hii ilikuwa ndefu. Aliweka mikono yote miwili juu ya boneti, akamwomba Mungu awafunike kwa damu ya Yesu, akamwomba atangulie mbele, akamwomba alinde kila daraja na kila kona, na alipofika kwa mtoto, kwa jina la Jepkorir, sauti ilikatika akabidi aanze upya. Phelista aliguswa sana.

Kiti cha mbele kikakunjwa, Jepkorir akaingizwa nyuma, kiti kikarudishwa kikajifunga. Hapakuwa na mlango kulia kwake wala kushoto, ni kidirisha tu kisichofunguka, kidogo kama cha choo.

Wakashika barabara ya Webuye. Mwanzo gari lilikwenda vizuri mno. Watoto waliokuwa kando ya barabara walilipungia, na Kiptum aliwapigia honi akicheka. Chepkemei hakucheka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeteremka ubavuni mwa kiti, unatafuta kile kishikio cha kukikunja. Alikipata, akahisi kwa vidole kwamba husukumwa nyuma kwanza ndipo kiende juu. Alianza kufanya mazoezi kichwani: fungua mkanda, fungua mlango, toka, vuta kishikio, kunja kiti, ingiza mikono, fungua mkanda wa mtoto, mtoe. Aliona ni mambo mengi mno. Akaanza tena kutoka mwanzo, haraka zaidi, na bado yalikuwa mengi mno.

"Mbona umenyamaza?" Kiptum akauliza.

"Nimeshiba."

Walipopita Lugulu, Kiptum alifungua redio. Walipokaribia Misikhu, aliiongeza sauti. Chepkemei aliomba apunguze kwa ajili ya mtoto, naye akasema mtoto anapenda, na kweli Jepkorir alikuwa ameanza kusinzia katikati ya makelele yale, kichwa kimeangukia bega.

Na hapo, chini ya muziki, Chepkemei akaisikia. Safari hii haikuhitaji mwiko. Oili ilikuwa imepata moto, imekuwa maji, na yule mbishaji hakuwa na adabu tena. Ko-ko-ko-ko. Kiptum akikanyaga mafuta, inajificha. Akiachia, inatoka. Chepkemei aliihisi kwenye nyayo, ikipanda miguuni. Alimtazama mumewe kwa pembeni: anatazama mbele, taya limekaza, vidole vinapiga usukani kufuatisha muziki, ila havikuwa vikifuatisha vizuri.

"Punguza mwendo," akasema.

"Hii gari haipendi polepole."

Mbele yao palikuwa na trekta limevuta trela la miwa, linakwenda kwa mwendo wa maiti. Wakikaa nyuma yake, gari lingenguruma chini chini na ile sauti ingejaa ndani yote. Kiptum hakukaa. Alichungulia, akatoka, akakanyaga. Chepkemei aliliona lori linakuja upande wa pili, mbali bado, taa zimewaka mchana. Palikuwa na nafasi. Kwa gari zima, palikuwa na nafasi ya kutosha.

Katikati ya kupita, ubavuni mwa miwa, gari likakohoa. Lilikuwa jambo la mara moja, nguvu ilikatika kama mtu aliyejikwaa, ikarudi. Lakini katika kujikwaa huko, lori lilikuwa limefika karibu, na honi yake ikajaa kifuani mwa Chepkemei mpaka hakuweza hata kupiga kelele. Alichofanya ni kugeuka na kunyoosha mkono nyuma akaushika mguu wa Jepkorir, kana kwamba kwa kuushika angeuzuia usiende popote. Kiptum alirudi upande wake. Upepo wa lori ukalitikisa gari. Mtoto hakuamka.

Redio ilitangaza bei ya mahindi.

Wakaanza kuteremka kuelekea mto Kamukuywa. Kiptum aliondoa mguu kwenye mafuta, akagusa breki, na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu, ndogo, yenye umbo la birika. Ikazima. Ikawaka. Chepkemei alijua ile ni taa gani. Ilimaanisha oili haisukumwi tena, chuma kinasagana na chuma. Kiptum aliweka mkono wa kulia juu ya usukani, mahali ambapo asingeweza kuiona taa hiyo, wala mkewe asingeweza. Wakavuka daraja. Mbele yao palikuwa na mlima, na gari lilipoanza kuupanda, harufu ya kitu kinachoungua ikaingia polepole kupitia matundu ya hewa.

Chepkemei alikuwa ameogopa mambo mengi maishani, lakini hakuwahi kuogopa hivi, kwa mwili mzima, huku akihesabu pumzi za mtu aliyelala nyuma yake. Alitaka kusema, injini inakufa. Lakini kusema hivyo sasa kulikuwa ni kukiri kwamba alijua tangu Bungoma. Akatafuta maneno mengine, ya kumpa mwanamume njia ya kupita bila kuinama.

"Baba Jep, simama. Mtoto anataka kutapika."

Kiptum alitazama kwenye kioo. Jepkorir alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mate yamemteremka kidevuni. Kiptum alimwona vizuri sana. Na hapo hapo, bila kuuliza neno, aliwasha taa ya kuashiria akaliingiza gari kwenye nyasi, karibu na ghala la mahindi lililofungwa, mwanzo wa soko la Kamukuywa. Akazima injini. Akazima redio.

Kitu fulani kilikuwa kikilia tis, tis, tis ndani ya boneti.

"Amelala," Kiptum akasema.

"Najua."

Chepkemei alimgeukia. Alikuwa amejiandaa kumweleza yote, oili nzito, beringi, taa ya birika, polepole kama anavyowaeleza wazee namna ya kumeza vidonge. Hakupata nafasi.

"Nilisikia Bungoma," Kiptum akasema, akitazama mbele. "Nilipoiwasha tu. Kabla hata hujaleta huo mwiko."

Kwanza hakumwelewa. Kisha alimwelewa. Ile redio haikuwa ya mtoto, ilikuwa ya kufunika sauti ya injini.

"Ulisikia," akasema. "Ukamweka Jepkorir hapo nyuma."

"Ningemwambia nini Jotham? Huyo mtu alinibeba."

"Na huyu nani atambeba?"

Kiptum alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na hasira pia, kama inavyokuwa mtu akibanwa kwenye kona. "Na wewe? Si wewe ndio ulisema iko sawa? Ulisikia na sikio yako, ukasema iko sawa."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amesikia kifo kinabisha, akakifungulia mlango kwa sababu ya kuku na kicheko. Aibu ilimwasha kuliko hofu. Alifungua mkanda wake, akafungua mlango, akatoka akauacha wazi, akidhani hatari imeisha kwa kuwa injini imezimwa.

Simu ya Kiptum ikalia juu ya dashibodi. Alikuwa Jotham. Kwa mazoea, Kiptum aliifungua kwa sauti ya wote kusikia.

"Rika! Mmefika?"

Hata mtu mwenye ndege asingekuwa amefika Kitale kwa muda ule. Kiptum alipangusa uso kwa kiganja, akajikohoza, na Chepkemei, akiwa amesimama kwenye nyasi, akamsikia mumewe akiivaa ile sauti yake kubwa ya siku zote.

"Tumefika!"

"Salama?"

"Salama kabisa. Gari iko fiti, bana."

Jotham alishusha pumzi, ndefu, ikakwaruza simu. "Asante Yesu," akasema. "Asante Yesu. Asante Yesu. Asante Yesu."

Chepkemei aliingiza mkono mlangoni akaichukua ile simu. Hakufikiri. Kiptum alijaribu kumzuia akachelewa.

"Shemeji, hatujafika," akasema. "Tumesimama Kamukuywa."

Alitegemea maswali. Mtu mwingine yeyote angeuliza, kwa nini, kuna nini, ni pancha? Badala yake Jotham akapaza sauti, kali na nyembamba, kama sauti ya mtu mwingine kabisa.

"Mtoto ametoka? Shemeji, mtoto ametoka nje? Toeni mtoto! Wachana na gari, toeni mtoto kwanza!"

Kiptum alisikia. Chepkemei aliona maneno yale yakimwingia, moja baada ya lingine, na akaona uso wake unabadilika. Alikuwa amejitia uziwi tangu Bungoma ili asimwaibishe mtu asiye na habari. Kumbe mtu huyo alikuwa na habari zote, hata za nani amekaa nyuma.

Ndipo Kiptum akaona moshi. Ulikuwa unatoka kwenye ukingo wa boneti, mwembamba, wa kibluu, hauna haraka. Aliruka nje, akazunguka mbele ya gari, akamsukuma mkewe kando, akakishika kishikio cha kiti akakivuta. Kiti kilikataa. Akavuta tena, akilia kwa sauti sasa, akilitukana gari, akijitukana, na Chepkemei akauingiza mkono wake chini ya wake, akakisukuma kile kishikio nyuma kwanza halafu juu, kama alivyokuwa amefanya mazoezi njia nzima. Kiti kikaanguka mbele. Kiptum akajitupa ndani hadi kiunoni, akafungua mkanda wa mtoto. Alitoka na mtoto kifuani, kiatu kimoja kimebaki huko, akakimbia naye hadi upande wa pili wa ghala, akaketi chini kwenye vumbi.

Jepkorir aliamka akaanza kulia. Aliuliza kama wamefika.

Moshi ulizidi kuwa mweusi. Watu wa soko walianza kuja mbio, mmoja na beleshi, mwingine na ndoo ya mchanga. Chepkemei alisimama mbali, karibu na mumewe. Simu ilikuwa bado mkononi, bado imefunguliwa.

"Shemeji?" Jotham alikuwa akiita. "Shemeji, niambie. Mmemtoa? Rika, ongea na mimi. Mmemtoa mtoto?"

Kiptum aliinua kichwa akaitazama simu. Hakunyoosha mkono kuichukua. Alimkumbatia mtoto zaidi, akauficha uso kwenye nywele za binti yake.

Chepkemei aliiweka ile simu sikioni. Alisikia Jotham anapumua, na nyuma yake sauti ya Phelista ikiuliza kumetokea nini, kumetokea nini, baba watoto, mbona unaria? Neno moja tu lingewatosha: tumemtoa. Alikuwa nalo mdomoni, na alijua atalisema. Lakini alimwacha Jotham angoje kwanza.